Hadithi za Kutisha: Tuzifukuze Nyumbani au Tuzifundishe Adabu?



Juma hili tunajibu ulizo ambalo limeletwa na wamama wengi, tena kwa maneno yanayofanana: «Walimu, watoto wetu wamejaa hadithi za kutisha. Wanazisikiliza katika telefoni, wanazisoma katika tuvitabu twa picha, wanazisimuliana usiku umeme ukikatika. Kisha mdogo anakojoa kitandani na mkubwa anakataa kwenda chooni peke yake. Tufanye nini?» Wengine hawakungoja jibu. Kuna waliochukua telefoni na kuifungia sandukuni. Kuna waliosema ni mambo ya shetani, yachomwe moto. Na kuna waliocheka na kusema: sisi pia tulikua na hadithi za mazimwi, na hatukufa.

Sisi tunaofundisha tunakaa na watoto hawa kuanzia asubuhi, na tunasikia wanayosimuliana wakati wa mapumziko. Tunaona kwamba kila upande una sehemu ya ukweli. Ziko hadithi za kutisha zinazomlinda mtoto. Ziko pia zinazomharibu, na ziko zilizokwisha kutoa watoto wengine nje ya nyumba zao. Kazi ya mama ni kujua kuzitenganisha, kama anavyopepeta maharagwe: hamwagi ungo mzima kwa sababu ya mawe matatu, wala hapiki mawe.

Hadithi hizi si ngeni

Tuanze na hadithi moja ambayo karibu kila kabila la kwetu linaijua kwa namna yake. Waliozaliwa kijijini waliisikia kwa tate, kando ya moto, mahindi yakiiva.

Msichana mmoja mzuri anakataa wachumba wote wa kijiji. Huyu ana kovu, yule ana miguu ya mavumbi, yule mwingine baba yake hana ng'ombe. Siku ya soko anatokea mgeni. Nguo zake safi, ngozi yake haina doa, na hakuna anayejua kwao ni wapi. Msichana anasema: huyu ndiye. Wazazi wanataka kuuliza ukoo, yeye hataki waulize. Wanataka kuzungumza mahari, mgeni anasema ataleta yote baadaye. Msichana anabeba kikapu chake na kumfuata. Nyuma yao anakuja mdogo wake, mtoto mwenye upele mwili mzima. Dada yake anamwonea haya, anamtupia mawe ili arudi. Mtoto anajificha, kisha anafuata tena.

Wanavuka mto wa kwanza, sauti ya mgeni inakuwa nzito. Wanavuka mto wa pili, hataki tena chakula kilichopikwa. Wanafika kwenye nyumba iliyo peke yake msituni, na usiku dada analala usingizi mzito. Yule mdogo halali, kwa sababu upele unamwasha. Anakuna, anageuka, anakuna tena. Basi ni yeye anayemwona shemeji akirudi katika umbo lake la kweli na kunoa kisu. Kila zimwi linapokaribia, mtoto anakohoa na kuuliza swali: «Shemeji, mbona hulali?» Anamchelewesha namna hiyo mpaka alfajiri. Kulipokucha anamwamsha dada yake na kumtoa kwa njia ya nyuma. Mtoto aliyetupiwa mawe ndiye aliyeokoa.

Tuitazame vizuri hadithi hii. Inatisha kweli. Mtoto wa miaka saba akiisikia, atamshika mama yake mkono. Lakini ndani ya hofu hiyo mna mafundisho ambayo hotuba ya saa nzima haiwezi kuyaingiza. Mtu ambaye hataki kwao kujulikane, mwogope. Ahadi ya «baadaye», iogope. Mtoto mnayemdharau nyumbani, msimfukuze, huenda macho yake yanaona yale ambayo ninyi hamyaoni.

Wanigeria nao wanayo hadithi ya jamii hiyo hiyo. Mwandishi Amos Tutuola aliiweka katika kitabu chake The Palm-Wine Drinkard, kilichochapwa London mwaka 1952. Kwake yeye, yule bwana mzuri wa sokoni alikuwa amekodi viungo vyake. Akiwa njiani kurudi porini anarudisha kila kimoja kwa mwenyewe na kulipa kodi: miguu, mikono, mwili, mpaka kinabaki fuvu la kichwa tu, na msichana bado yuko nyuma yake. Tutuola hakuwa msomi mkubwa. Alikuwa mtu wa masomo machache, na Kiingereza chake kilichekwa na wengine. Lakini aliandika namna alivyosikia hadithi zikisimuliwa, na dunia ikasoma.

Chatu wa Kinshasa

Hapa kwetu Kongo tunaye mtu aliyefanya kazi ya namna hiyo kwa picha, tena bila kungoja mchapishaji yeyote. Anajulikana kwa jina la Papa Mfumu'eto wa Kwanza. Alizaliwa Matadi mwaka 1963 na akafanya kazi Kinshasa. Alichora mwenyewe, akaandika maneno mwenyewe kwa Kilingala cha mitaani, akatoa vijitabu vyake kwa karatasi ya bei ndogo, na vikauzwa sokoni na barabarani kama karanga. Mtu alinunua, akasoma, akampa jirani, jirani akampa shemeji.

Kijitabu kilichomletea sifa kilitoka mwaka 1990. Ni hadithi ya tajiri mmoja anayemchukua msichana mjini. Wakiwa chumbani peke yao, mwanaume anageuka chatu, ambaye kwa Kilingala anaitwa nguma, na anammeza yule msichana. Kisha chatu anatapika fedha, noti juu ya noti.

Mama yeyote aliyesikia hadithi ya msichana na mgeni wa sokoni anaitambua mara moja. Mto na msitu vimeondoka, mahali pao pamekuja mji na chumba. Lakini swali ni lile lile: mali hii inatoka wapi, na imemla nani? Tukumbuke mwaka wenyewe. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Watu walikuwa wameishi miaka mingi bila uwezo wa kusema wazi kwamba wakubwa wanameza nchi na kutapika fedha kwa ajili yao wenyewe. Wasomaji wengi waliona sura ya wakubwa hao ndani ya chatu yule. Hadithi ya kutisha ilisema jambo ambalo gazeti lisingelisema kwa urahisi.

Leo makaratasi ya Mfumu'eto yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, na picha zake zilionyeshwa Paris mwaka 2015 katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo. Vijitabu ambavyo wengine wetu tulifungia sambusa, wenzetu wanavishika kwa glavu.

Lubumbashi nayo ilikuwa na yake. Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa na picha ya Mamba Muntu sebuleni: juu mwanamke mzuri mwenye nywele ndefu, chini mkia wa samaki au wa mamba. Wachoraji wa mitaani waliichora na kuiuza kwa bei ambayo mfanyakazi aliweza kulipa. Ilisemekana kwamba mwenye kupata kitu chake, kama unywele au kitana, atapewa utajiri, lakini kwa masharti mazito na kwa siri. Hapo tena tunaona fedha isiyo na jasho, na bei inayolipwa gizani.

Hofu inajua mambo

Wamama wengine wanasema: «Hizo zote ni uongo, kwa nini kumjaza mtoto uongo?» Tunajibu kwamba zimwi ni la uongo, lakini hofu iliyomzaa mara nyingi ni ya kweli.

Wazee wa Katanga walisimulia habari za mutumbula, mtu wa usiku aliyekamata watu ili wanenepeshwe na kuliwa na wazungu. Hakuna mzungu aliyekuwa na jiko la namna hiyo. Lakini watu wa siku zile waliona vijana wakichukuliwa kwenda kazi za migodi na barabara, na wengine hawakurudi. Waliona miili ikidhoofika ili mali itoke ardhini na kuondoka kwa treni. Hawakuwa na neno la kusema mbele ya bwana. Wakasema: wanatula. Ukiondoa sufuria na kisu, ni nani atakayesema walidanganya?

Karibu zaidi nasi kuna neno mazuku. Ndugu zetu wa Goma, na hasa wanaokaa upande wa magharibi, njia ya kwenda Sake, wanalijua: upepo mbaya unaoua mtu bila kumgusa. Wazee hawakuwa na mtambo wa kupima hewa. Waliona mbuzi amekufa bondeni bila jeraha, waliona mtoto aliyeshuka alfajiri kuchota maji hakupanda tena, wakasema mahali pale pana ubaya. Leo wataalamu wanatuambia ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini katika nchi hii ya volkano. Haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala mabondeni na mashimoni, hasa usiku na asubuhi na mapema wakati hakuna upepo. Mtoto ni mfupi, kichwa chake kiko karibu na chini, anaipata kabla ya mkubwa. Tuone basi: aliyeamini kwamba bondeni mna kitu kibaya alfajiri na akangoja jua lipande, aliishi. Aliyecheka na kushuka, hakuishi. Hadithi ilikuwa imebeba elimu mgongoni, kama mama anavyobeba mtoto.

Hata Nyiragongo wenyewe una hadithi yake. Katika imani ya zamani ya Lyangombe, iliyojulikana huku Kivu na kwa majirani zetu wa Rwanda, roho za waovu zilitupwa ndani ya moto wa mlima ule. Mlima huo ulimwaga moto mwaka 1977, ukarudia mwaka 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Watu waliousimulia kwa hofu hawakuwa wajinga. Walikuwa wanakaa chini yake.

Mahali hadithi inapooza

Sasa tufike penye mawe ya ungo, kwa sababu hapa ndipo tunapoogopa sisi wenyewe.

Kwa miaka mingi sasa, katika miji yetu, kuna hadithi nyingine za kutisha zinazotembea. Hazina «hapo zamani». Zinasema: «jana, katika avenyu fulani». Zinakuja kwa sauti katika telefoni, zinakuja katika sinema ambazo watoto wanaangalia mpaka saa nne za usiku, zinakuja hata katika vyumba vingine vya maombi. Na ndani yake zimwi si tajiri, wala si mgeni mwenye nguvu. Zimwi ni mtoto. Ni yatima aliyeletwa kukaa kwa shangazi, ni mtoto wa mke wa kwanza, ni yule anayekojoa kitandani, anayeongea usingizini, mwenye kifafa, mwenye kichwa kikubwa, mwenye akili kupita wenzake. Ama ni mama mzee mjane mwenye macho mekundu, yale macho aliyoyapata kwa miaka 50 ya moshi wa jikoni akiwapikia wanaomshitaki.

Tuziweke hadithi mbili kando kwa kando. Katika ile ya zamani, mwenye nguvu ndiye zimwi, na mtoto mwenye upele ndiye mwokozi. Katika hii mpya, mtoto mwenye upele ndiye zimwi, na mwenye nguvu ndiye anayempiga, anayemnyima chakula siku tatu, anayemtoa nje usiku. Wamegeuza hadithi chini juu.

Tusidanganyane: hata zamani kulikuwa na hadithi zilizomfanya kikongwe kuwa mchawi, na watu waliumizwa kwa sababu yake. Si kila kilichotoka kwa wazee ni dawa. Hizo nazo tuzipepete.

Sheria ya nchi yetu iko wazi katika jambo hili. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na inaliweka jambo hilo pamoja na kumtupa mtoto na kumtesa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka adhabu ya kifungo na malipo kwa mwenye kufanya hivyo. Mama akiambiwa na yeyote, awe ndugu, jirani au mwenye kuvaa kanzu, kwamba mtoto wa nyumbani mwake «ameonekana», anayo haki ya kujibu: huo ni uovu mbele ya sheria, na mtoto huyu hatatoka. Kikundi nacho kisimwache mama huyo peke yake. Waende wanne, waende sita, wakae naye siku hiyo. Mara nyingi maneno ya namna hii yanaota pale mume hayupo, pale msiba umepita, pale fedha zimekosekana. Mahali penye njaa na kilio, watu wanatafuta wa kubebesha mzigo, na wanamchagua asiye na wa kumtetea.

Mtoto anayekojoa kitandani anahitaji kukojoa kabla ya kulala na kutochekwa. Mwenye kifafa anahitaji kituo cha afya. Mwenye kuongea usingizini anahitaji usingizi. Anayeiba sukari, mara nyingi, ana njaa.

Maulizo matatu ya kupepeta

Kwa hiyo tunawapa wamama maulizo matatu. Mtoto akileta hadithi ya kutisha, au telefoni ikileta, iulizeni hadithi yenyewe.

La kwanza: ina mlango? Hadithi nzuri inafunguliwa na kufungwa. Msimulizi anawaita wasikilizaji, wanaitikia, na mwisho anawaambia kwamba imeisha. Mtoto anajua ameingia na anajua ametoka. Lakini ile inayosema «ni ya kweli, tuma kwa watu kumi la sivyo utakufa» haina mlango. Mtoto anaingia na kubaki ndani. Hiyo ifutwe, tena mbele yake, na aone kwamba mama ameifuta na hakufa.

La pili: zimwi ni nani? Likiwa ni jitu la msituni, chatu wa tajiri, mgeni asiyetaka kujulikana, hadithi inaweza kubaki tukaizungumza. Likiwa na jina la jirani, la mtoto wa kalasi yao, la mama mzee wa parseli ya chini, hiyo si hadithi tena. Ni masingizio, na masingizio yameua watu.

La tatu: mwisho mtoto anaweza kufanya nini? Yule mwenye upele alikaa macho, akauliza maswali, akamwamsha dada. Msikilizaji anatoka na kitu mkononi. Hadithi ambayo watu wote wanakufa na hakuna lililowezekana haimfundishi mtoto chochote ila kulala na taa.

Namna ya kusimulia

Kama hadithi imepita maulizo haya, tusiifukuze. Tuisimulie sisi wenyewe, kwa sababu mtoto asiyepewa hadithi na mama yake atapewa na telefoni.

Tusimulie mapema, kabla au wakati wa chakula cha jioni, si dakika ya mwisho kabla ya kulala. Tuketi naye karibu, mwili kwa mwili. Hofu anayoionja mtoto akiwa ameegemea paja la mama yake ni mazoezi, na hofu ile ile akiwa peke yake chini ya blanketi na telefoni ni mateso. Kwa walio chini ya miaka sita, zimwi liwe jinga na la kuchekesha, lianguke shimoni. Kuanzia miaka saba au nane wanaweza kuvumilia msitu na usiku. Wasichana na wavulana wa miaka 12 na zaidi, hao tuwape hadithi ya mgeni wa sokoni kwa uzito wake wote.

Kisha tuulize, tusihubiri. «Ni wapi ungeanza kumshuku yule mgeni? Ni mto gani ungerudi?» Tumejaribu maulizo haya na watoto wa kalasi ya sita. Mmoja anasema angerudi pale alipokataa wazee wamwulize kwao. Mwingine anasema: «Lakini alikuwa anakuja na zawadi.» Na hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza, kwa sababu mgeni wa leo hatoki sokoni. Anatoka katika telefoni. Ana picha nzuri, anatuma unite, anasema atamtafutia msichana kazi ya dukani au ya nyumbani katika mji wa mbali au nchi nyingine, usafiri amekwisha kulipa, ila asiwaambie wazazi kwanza. Asiwaambie wazazi: huo ni mto wa kwanza. Naomba kitambulisho chako nikushikie: huo ni mto wa pili. Msichana aliyekua na hadithi ile tumboni anayo mahali pa kusimama na kusema: hapa narudi.

Na mtoto ambaye tayari ameogopa, tusimcheke na tusimwite mwoga. Tumsindikize chooni majuma mawili bila kelele. Tumwambie achore lile zimwi kwenye karatasi, kisha alivalishe kofia ya kuchekesha. Hofu ikipata sura, inapungua. Ikiendelea mwezi mzima, asile, asicheze, asilale, tuongee na mwalimu wake na kituo cha afya, maana huenda anaogopa kitu ambacho si hadithi. Huenda kuna mtu. Tumsikilize vizuri, polepole, bila ya mtu mwingine karibu.

Kijitabu cha kikundi

Tunamaliza kwa kazi, kama kawaida ya walimu. Papa Mfumu'eto hakungoja ruhusa ya nyumba ya vitabu. Vikundi vyetu navyo visingoje. Katika kila kikundi wapo wamama watatu au wanne wenye hadithi ambazo wajukuu wao hawajazisikia, na wakilala siku moja wasiamke, zinaondoka nao.

Mkutano ujao, mmoja asimulie na msichana wa sekonderi aandike katika daftari, kwa maneno yale yale ya msimulizi, Kiswahili chetu cha hapa, na maneno ya lugha ya nyumbani yakiingia yaachwe. Mvulana mmoja anayejua kuchora achore picha mbili au tatu kwa kalamu nyeusi. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa 4 ndogo. Karatasi 4 zinatoa kurasa 16, na hizo zinatosha hadithi tatu. Unakunja, unashona katikati kwa sindano na uzi, na kijitabu kimezaliwa. Nyumba ya fotokopi itafanya nakala 20 kwa fedha ambayo kikundi kinaweza kuchanga bila kugusa likelemba. Juu ya jalada yaandikwe majina ya waliosimulia, kwa ruhusa yao. Mama ambaye hakuwahi kukaa kwenye dawati ataona jina lake limechapwa kwenye kitabu, na mjukuu wake ndiye atakayemsomea.

Mkipata hadithi ambayo zimwi lake ni mtoto au mjane, msiitupe kimya kimya. Isomeni pamoja, kisha ulizeni kikundi: tukiigeuza, nani angekuwa zimwi wa kweli hapa? Watoto wawepo wakati wa kujibu. Wana majibu ambayo yatawashangaza.

Wazee walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sisi tungeongeza kwamba mtoto anayelijua zimwi naye ana njia ya kulikimbia. Juma lijalo tutazungumzia daftari za masomo na namna ya kuzifunika ili zifike mwezi wa sita. Likelemba njema kwa wote.